Nyimbo za Memori Kadi: Mwanasheria Anajibu Maswali ya Maswa

Nina kibanda Maswa mjini. Najaza nyimbo kwenye memori kadi na flashi za wateja kwa bei ndogo. Sheria inanihusu?

Inakuhusu, tena kwa ukali. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kutumia kompyuta kuvunja hakimiliki. Tazama neno "isiyopungua". Asiyefanya biashara: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Anayefanya biashara kama wewe: milioni 20, au miaka 5. Hizo ndizo adhabu za chini! Naona hapa sheria imekosea shabaha. Imemweka mjaza memori kadi fungu moja na anayepakia filamu nzima mtandaoni akavuna fedha za matangazo.

Mimi ni manju, natunga kwa Kisukuma. Video zangu ziko kwenye chaneli ya YouTube nisiyoijua, na sijasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Nimeshapoteza?

Hujapoteza, mzee wangu. Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999 inakulinda tangu ulipotunga, maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Usajili ni ushahidi tu, lakini utauhitaji sana siku mtu atakapodai wimbo ni wake. Kwa hiyo sajili, na utunze risiti ya studio na rekodi ya kwanza. Kisha peleka malalamiko YouTube. Fomu yao ni ya bure, na kijana yeyote mwenye simu atakusaidia kuijaza. Ila uwe mkweli: mapigo ya ngoma ya Bagika, kundi la Kisukuma, uliyorithi ni ya jamii nzima. Yako ni maneno na sauti ulizotunga.

Kwa nini Serikali isizifunge tu tovuti zinazoweka kazi zilizoibwa?

Marekani walijaribu kwa SOPA, mswada wa kuzuia uharamia mtandaoni. Tarehe 18 Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza ilijifunga kwa siku nzima kupinga, na mswada ukawekwa kando. Hofu ya waliopinga ilikuwa tovuti nzima kuzimwa kwa sababu ya kazi chache zilizoibwa. Hofu hiyo ni yetu pia, maana manju wa Maswa anasikika Mwanza na Shinyanga kupitia YouTube hiyohiyo. Kiondolewe kilichoibwa, jukwaa libaki.

Basi nifunge kibanda?

Usifunge. Waimbaji wengi ambao nyimbo zao unaziuza unaweza kuwafikia kwa bodaboda. Andikianeni karatasi: nyimbo zipi, kila memori kadi wapate shilingi ngapi, walipwe siku gani. Anza na mzee aliyeuliza swali la pili.