Ukindu na Ukili: Viambishi Viwili vya U- katika Msamiati wa Ususi wa Pemba

Ni jambo lililozoeleka katika sarufi kwamba ngeli ya 11 na ya 14 za Kibantu zimeungana katika Kiswahili, kwa kuwa zote mbili huchukua kiambishi u- katika umoja. Kwa upande wa umbo hatuna ubishi. Makala haya yanadai kwamba kimaana mpaka ungalipo, na kwamba msamiati wa ususi unauonyesha waziwazi.

Mkindu (Phoenix reclinata) ni mtende mwitu unaopendelea mahali penye unyevu. Makuti yake machanga hukatwa kabla hayajakunjuka, huanikwa juani, na mengine huchemshwa katika rangi. Malighafi hiyo ndiyo ukindu. Msusi wa Tibirinzi, mjini Chake Chake, hauhesabu ukindu. Husema 'ukindu umekauka', uwe wa tita moja au wa matita kumi. Ukishachanwa ndipo zinapopatikana chane, nomino itokanayo na kitenzi chana, nazo huhesabika. Chane husukwa zikawa ukili, yaani utepe mrefu, na hapo wingi hujitokeza: ukili umekatika, kili zimekatika. Kili hushonwa ubavu kwa ubavu, ukawa mkeka. (Wanafunzi wetu wanaoandika 'kufuma mkeka' wanaupeleka mkeka kwenye kitanda cha mfumi, mahali usipopajua.)

Kwa hiyo u- ya ukindu ni ya kitu kisichogawika, kama ubuyu utokanao na mbuyu. U- ya ukili ni ya kitu kirefu chembamba, kama ufito na uzi. Ukambaa, ugwe unaosukwa kwa ukili mwembamba, hufuata njia hiyo ya pili na wingi wake ni kambaa.

Kipingamizi kimoja hakina budi kutajwa. Miyaa, ambayo husukiwa majamvi ya kuanikia karafuu, ni malighafi vilevile, lakini imebaki katika m-/mi-. Twaona kwamba hapo msemaji bado anaiona miyaa kuwa majani, si dutu.

Mkeka wa plastiki hununuliwa ukiwa tayari. Mtoto aukutaye nyumbani hujifunza neno mkeka tu. Chane na kili hazimfikii, na pamoja nazo hupotea ushahidi wa mpaka tunaoujadili. Mtafiti anayeonyesha mkeka uliokamilika na kuuliza jina lake atapewa neno hilo hilo moja. Hana budi kukaa na msusi tangu ukindu unapoanikwa mpaka kili ya mwisho inaposhonwa.