Nikichora, natoa picha za wengine

*Naishi Enguserosambu na huchora jioni, mifugo ikishaingia bomani. Kila nikianza, wanatoka twiga na Wamasai wale wale wa picha za watalii. Nikijaribu kitu changu, mkono unakwama. Sina kipaji? Msomaji, Ngorongoro*

Ndugu msomaji, unahofia kwamba kuiga kumekuulia ubunifu. Sidhani. Edward Saidi Tingatinga, aliyechora kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi jijini Dar es Salaam, alifariki mwaka 1972. Mtindo wake haukuzikwa naye, kwa kuwa wanafunzi wake, baadhi yao jamaa zake, walianza kwa kuiga kazi yake. Mkono wako unakwama kwa sababu umekariri twiga aliyekwisha kuchorwa na mwingine, ila haujazoeshwa kufuata kile unachokitazama.

Utasema twiga ndiye anayeuzika. Kweli, na uza tu. Ila hiyo ni hoja ya soko, haipimi kipaji. Basi tenga daftari lisilouzwa. Humo chora kwa penseli mti mmoja wa msitu wenu, au ng'ombe aliyelala (aliyesimama hatulii), ukitazama unachokichora zaidi kuliko karatasi, bila kufuta. Mistari itapinda, iache. Baada ya miezi miwili linganisha kurasa. Usipoona tofauti, mwoneshe mchoraji mzoefu, au ulizia mafunzo ya sanaa za ufundi katika chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo.