Pweza Hataki Maji: Namna ya Kula Vizuri Kuanzia Kilwa hadi Lindi

Hoteli moja ya hapa Dar, ambayo jina lake nalihifadhi kwa ajili ya amani, imenitoza shilingi 35,000 kwa sahani ya pweza wa nazi. Tui lilikuwa la kopo, bizari imezidi, na pweza mwenyewe ungedhani mpishi kakata ndala vipande. Nilimwita mhudumu, kijana mpole tu, akainama na kuniambia kwa adabu, "Bosi, pweza ndivyo alivyo."

Nililipa nikatoka, na hasira haijaisha mpaka leo. Sivyo alivyo! Pweza akipikwa na anayemjua hukatika kwa kijiko. Nimemla hivyo Kilwa Masoko, kwa pesa ambayo hoteli ile inauzia maji ya chupa.

Kwa hiyo haya ni maandishi ya kulipiza kisasi. Nilikusudia kueleza hatua kwa hatua namna msafiri anavyoweza kula vizuri kwenye pwani ya Lindi. Hatua zitakuwepo, ila msinidai mpangilio.

Hatua ya kwanza ni usafiri, na haina mambo mengi. Mabasi ya kusini utayapata Mbagala. Ukishavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, itunze njaa yako mpaka Somanga, ambako wauza samaki watalizunguka gari kabla halijasimama sawasawa. Mnunulie yule ambaye karai lake bado liko motoni. Wenye samaki waliopangwa kwenye sinia tangu alfajiri, wakapakwa mafuta kidogo ili wang'ae, waachie wenye haraka. Nangurukuru unashuka na kuchukua gari la Masoko. Wale wanaopitiliza moja kwa moja mpaka Mtwara bila kuingia Kilwa nawaombea dua.

Hatua ya pili ni tarehe. Wengi wetu hupanga safari kwa kufuata mshahara na sikukuu. Ukienda kwa ajili ya pweza, fuata mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupwa mpaka miamba inabaki wazi, na akina mama na vijana hutoka kwa miguu na fimbo zao za chuma wakichokoa mashimo. Siku za maji mafu huwezi kuupata mwamba kirahisi hivyo, na utakachouziwa mara nyingi ni mzigo wa kwenye barafu. Pale Songosongo, kisiwa ambacho watu wa Dar wanakijua kwa gesi inayowawashia umeme tangu 2004, wavuvi wamekuwa wakifunga sehemu za miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Pweza hukua upesi sana, kwa hiyo subira ya miezi michache inaonekana kwenye mizani. Ukisikia mwamba umefunguliwa, acha shughuli zako.

Hatua ya tatu ni kumkagua muuzaji. Hapa nina kesi na bwana mmoja wa soko la Dar. Pweza akilowekwa kwenye maji yasiyo ya chumvi huyanyonya, akavimba, akaongezeka uzito, na bwana huyu alikuwa na ndoo nzima ya mchezo huo chini ya meza. Nililipia kilo mbili. Sufuriani zikatoka maji tele, akabaki wa kujaa kiganja. Siku hizi namwinua pweza kwa kichwa kwanza. Akichuruzika maji, na ngozi imepauka na kuteleza, namrudishia mwenyewe. Mzima ana rangi ya udongo yenye mabaka, na vile vikombe vyake bado vinakushika kidole. Bwana yule ananiona nikipita siku hizi na kujifanya anahesabu chenji.

Sasa tufike kwa mama wa Masoko aliyenilisha yule pweza wa kijiko, maana hii ndiyo sababu ya yote.

Anapika karibu na soko, kibanda cha mabati, mabenchi mawili, jiko la mkaa na jiko la kuni. Nilikuwa nimeshakula kwake mchana, nikarudi kesho yake mapema kabla hajaanza kupika, nikamwomba nikae nitazame. Akacheka. Akasema mwanamume anayetaka kutazama sufuria ama ameachwa ama ana hila, kisha akanisogezea kigoda.

Pweza alikuwa amekwisha kupigwa huko huko pwani, juu ya jiwe, mpaka mikono imelegea. Kama wako hajapigwa, mpige wewe, kwa mchi, bila huruma, ukianzia pale mikono inapoungana na kichwa. (Ukimgandisha kwenye friza usiku kucha na kumyeyusha, nako kunasaidia, ila mama yule hana friza na wala hana shida nayo.) Akakigeuza kichwa ndani nje kama foronya, akatoa matumbo na kifuko cha wino, akachomoa ule mdomo mgumu wa katikati, akasuuza. Mpaka hapo ni mambo ambayo kila mtu anayajua.

Kisha akamweka mzima mzima kwenye sufuria kavu. Akafunika. Akapunguza mkaa kwa koleo, ukabaki kidogo tu. Nikamuuliza, "Mama, maji je?" Akanitazama. "Mwanangu, mnyama katoka majini, wewe unamrudisha majini?" Nikauliza chumvi. "Alikotokea kuna chumvi au sukari?"

Huu ndio ujuzi wenyewe, na nauandika polepole kwa sababu wapishi wa Dar hawausikii: pweza hapikwi kwa maji yako, hupikwa kwa maji yake. Baada ya muda mfupi mama alifunua, na chini ya sufuria maji mekundu ya zambarau yalikuwa yamepanda yenyewe, mikono imejikunja kwa nje. Akafunika tena. Moto ukitaka kuchachamaa anatoa kipande cha mkaa. Moto mkali humkaza pweza, na akishakazika hapo mwanzoni huwezi kujua kama atarudi. Pweza wa kilo moja anataka kati ya dakika arobaini na tano na saa nzima. Usimpime kwa saa, mpime kwa njiti: ichome pale mkono unapoungana na kichwa, ndipo penye nyama ngumu kuliko kote. Ikiingia bila kusukumwa, epua.

Ukishaepua, usimguse. Mama aliacha sufuria imefunikwa pembeni mpaka ikapoa, pweza akiwa bado ndani ya maji yake. Ukimtoa wa moto na kumtia kwenye maji baridi, ngozi itabanduka na vile vikombe vitabaki kwenye beseni. Watu wengi sana hufika salama mpaka hapa kisha wakaharibu.

Waliobaki na imani ya papai bichi nawaambia hivi: papai linalainisha kweli, ila ukilisahau kidogo unakula uji. Presha kuka sina ugomvi nayo kwa maharage.

Nazi ni ile ya mbuzi, iliyokunwa asubuhi hiyo hiyo. Tui jepesi linatangulia na kitunguu, nyanya, tangawizi, kitunguu saumu, bizari kiasi cha kutia rangi tu, na pilipili nzima isiyopasuliwa. Yale maji ya zambarau yanamiminwa humo. Anayeyamwaga anamwaga nusu ya chakula. Pweza aliyekatwa anafuata, tui zito linakuja mwisho, na hapo unakoroga bila kufunika wala kuacha, lisikatike. Chumvi unaonja sasa, na mara nyingi utakuta haitakiwi. Ndimu mezani. Royco naipenda, lakini ibaki kwenye nyama ya kawaida. Kwa pweza inapiga kelele.

Maji yakibaki, jioni yanakuwa supu ya kikombe, na wanaume hupanga foleni kwa sababu wanazozijua wao. Nilimuuliza mama kama supu inafanya kazi hiyo inayosemwa. Akasema wateja wake hawajaleta malalamiko.

Kwa habari ya chakula cha Kilwa, nina kinyongo na Ibn Battuta, yule msafiri wa kale. Alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji, akamsifu Sultani Hassan bin Suleiman kwa ukarimu wake kwa masikini. Lakini maelezo yake marefu ya chakula aliyaweka Mogadishu: wali wa samli, ndimu za kuchachushwa, pilipili, embe mbichi. Mtu kafika Kilwa, kwenye bahari ile, akatuandikia juu ya mji na Sultani, sahani hakuna. Ningekuwa mwandishi wake ningemrudisha mezani.

Sasa vinywaji. Kilwa Kivinje, mji ule wenye majumba ya zamani yanayobomoka taratibu, nenda alasiri. Mzee wa kahawa anakaa na dele lake juu ya mkaa, anakumiminia kwenye kikombe kidogo, chungu kama inavyotakiwa, na kashata ya karanga pembeni. Usiombe maziwa. Niliwahi kusikia mtu akiomba, na baraza zima likanyamaza.

Kuelekea Lindi, majira ya korosho, kunywa juisi ya mabibo siku ile ile yalipochumwa, maana hayalali. Ukali wake wa kooni hupungua yakichujwa vizuri na kutiwa chembe ya chumvi. Vaa nguo usiyoipenda. Doa la bibo halitoki. Wanaochachusha juisi hiyo kuwa uraka wana starehe yao, siwaingilii.

Korosho zenyewe: zile nyeupe pee za madirishani mwa mabasi, juu zimepangwa nzima na chini vipande, bishania bei mpaka gari liondoke. Lakini ukimkuta mama anayezichoma na maganda yake nyumbani, korosho zina madoa ya moshi na vidole vyake vimekuwa vyeusi, lipa anachosema. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na yeye ameyashika ili wewe usiyashike.

Lindi mjini nilikwenda kwa ajili ya mbaazi za nazi, nikaondoka na ming'oko. Ni viazi vya porini, vyembamba kama vidole, vinavyochimbwa msituni, vikachemshwa na kuuzwa kwenye vifungu vidogo na chumvi ya pilipili. Unamenya kwa meno, unachovya, unatafuna. Ladha yake iko kati ya kiazi kikuu na njugu, na haichoshi. Abiria mwenzangu, mzaliwa wa Mtama, aliniona nakula akanipokonya kifungu kimoja bila kuomba, akasema, "Kaka, hii ni haki yangu ya kuzaliwa." Sikubishana.

Ming'oko mibichi Dar sijaiona sokoni hata mara moja. Anayejua inakouzwa aniambie. Mimi nitakuja na pweza.