Lupu zangu zinagongana

Ninatengeneza singeli kwa Ableton Live. Nina lupu kibao za ngoma, kinanda na sauti za MC, lakini nikizipakia zinagongana, nyingine zinakimbia kupita kiasi. Nikizipanga zote, wimbo unajirudia tu mwanzo mpaka mwisho. Nifanyeje?
Kijana wa Manzese

Anza na tempo, kupanga kutafuata. Ukiingiza lupu, Live hukisia mwendo wake, na kwa muziki wa kasi kama singeli inaweza kukisia nusu. Lupu ya mapigo 220 kwa dakika ikisomwa kuwa 110, ndani ya projekti ya 220 itakimbizwa mara mbili. Fungua klipu ya lupu hiyo, hakikisha Warp imewaka, bonyeza kitufe cha kuzidisha kwa mbili, kisha weka pigo la kwanza mahali pake. Sikiliza kila lupu peke yake na metronomu.

Sasa rudi Session, ukurasa wa Live wenye vyumba vya klipu. Safu moja ya mlalo ya klipu iwe utangulizi, ya pili ubeti, ya tatu kiitikio. Zipe majina hayo. Ukiwasha safu, klipu zake huingia pamoja mwanzo wa baa inayofuata. Wimbo wako unajirudia kwa sababu kila kitu kinalia muda wote. MC akianza kuchana, toa kinanda umwachie nafasi. Kabla ya kiitikio, nyamazisha besi kwa baa mbili: ikirudi, watu wataisikia. Kila safu lazima ipungukiwe na kitu ambacho nyingine inacho.

Zikishakaa, bonyeza rekodi na uwashe safu moja baada ya nyingine kama unapiga kwenye sherehe ya kigodoro, macho yako kwa wachezaji. Live itaandika kila unachofanya kwenye Arrangement. Bonyeza Tab uione, kisha kata na kusogeza. Ukikuta klipu zimefifia na hazisikiki, usizifute: Session bado imeshika traki hizo. Bonyeza Back to Arrangement, zitalia.

Kabla ya kubeba flashi kwenda studio kurekodi sauti, chagua Collect All and Save. Usipofanya hivyo, lupu ulizozitoa kwenye mafolda mengine zitabaki kwenye kompyuta yako, na MC atasimama mbele ya maiki akisubiri biti isiyofunguka.