Hukumu ya Aibu Katika Kununua Motokaa Iliyotumika

Imeenea katika miji ya pwani watu kununua motokaa zilizokwisha tumika Japani, zikateremshwa Mombasa na Dar es Salaam, wapate kuchukulia wake na watoto wao. Mtu hutoa akiba ya miaka mingi, na muuzaji humwambia, "Nakuuzia kama ilivyo," akadhani kwa neno hilo amekwisha toka katika wajibu wa kueleza. Dhana hiyo si sahihi katika madhehebu ya Imamu Shafi.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj ya kuwa muuzaji akishartiza kuepukana na aibu zote, huepukana na namna moja tu: aibu iliyofichika ndani ya mnyama, naye hakuijua. Kwani mnyama huweza kula na kunona, na maradhi yamo tumboni. Motokaa si mnyama. Aibu iliyokuwamo kabla mnunuzi hajaipokea hubaki shingoni mwa muuzaji, na akiwa aliijua akaificha, juu yake pana dhambi ya ghushi.

Wala si muuzaji peke yake. Imepokewa kwamba mtu alinunua ngamia, na sahaba Wathila bin al-Asqa akamfuata, akamwuliza kama amtakia nyama au safari. Aliposema ni safari ya Hija, Wathila akamjulisha kuwa kwato za ngamia yule zina tundu. Mwenye ngamia alikasirika kuharibiwa biashara yake, na Wathila akamjibu kwa hadithi ya Mtume (s.a.w.) ya kuwa si halali kwa ajuaye aibu kuinyamazia. Madalali na mafundi wanaokula ujira wa pande mbili na waisikie hadithi hii.

Mtume (s.a.w.) alikataza pia kumfunga mnyama asikamwe siku kadhaa ili mnunuzi aone kiwele kimejaa, akampa mnunuzi hiari ya kumrudisha. Mita ya mwendo iliyorudishwa nyuma ni kiwele hicho hicho. Mwenye busara huitazama pamoja na mipira ya pedali na ngozi ya usukani: mita ikisema mwendo ni mchache na mipira imelika, mita ni mwongo. Na aende asubuhi, aguse boneti. Ikiwa ya moto, injini imepashwa ili kuficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Utando mweupe kama tui chini ya kifuniko cha oili ni dalili ya maji kuingia katika oili, na matengenezo yake ni ghali. Avute mikanda ya viti mpaka mwisho. Tope na harufu ya ukungu hueleza gari lililozama katika mafuriko. Tairi lililolika upande mmoja huenda likawa la gari lililogongwa likapinda. Na asitazame rangi mpya kwa furaha, bali aulize imefunika nini.

Akiisha kuijua aibu baada ya kununua, kurudisha ni kwa haraka. Aliye katika sala au chakula amalize, na aliyejua usiku angoje asubuhi. Lakini akiendelea kuiendesha harusini na sokoni, haki yake ya kurudisha imeanguka. Matumizi ya kabla ya kujua hayalipiwi kodi. Na ikiwa imegongwa mikononi mwake kabla ya kujua, hawezi kumlazimisha muuzaji kuipokea hivi hivi: ama airudishe pamoja na fidia ya aibu mpya, ama abaki nayo na muuzaji amrudishie sehemu ya bei kwa kadiri ya aibu ya kale. Wasipopatana, hushikwa neno la yule atakaye mauzo yabaki.