Usioitwa na Usiotumika

Seva ya mafaili ya NFS ndani ya kerneli ya Linux huziwezesha kompyuta nyingi kutumia mafaili ya mashine moja kama yao wenyewe. Mhandisi wa mifumo anaeleza jinsi ya kuipunguzia msimbo uliopitwa na wakati.

Mabaki haya yametoka wapi?

NFS ilianzia Sun Microsystems mwaka 1984. Toleo la 3 lilikuja 1995, la 4 mwaka 2000, na la zamani likaachwa humo ili wenye mashine kuukuu wasikwame. Mengine ni masalia ya ukarabati: kazi ilihamishiwa fankisheni mpya, ya zamani ikasahauliwa.

Kama hakuna anayeuita msimbo huo, unamdhuru nani?

Anayeutunza. Ukibadilisha muundo wa data, unalazimika kurekebisha hata fankisheni isiyoitwa kamwe. Ni kumpakulia wali mgeni aliyekwisha kuaga.

Kompaila hainionyeshi msimbo usioitwa?

Kwa sehemu tu. Fankisheni ya `static` haitoki nje ya faili lake. Isipoitwa, kompaila hulalamika. Iliyotangazwa kwenye faili la hedha huachwa, maana huenda faili jingine linaihitaji. Hapo tafuta jina kwa `grep` katika msimbo wote. Ukilikuta pawili tu, lilipotangazwa na lilipoandikwa, una mshukiwa. Ifute, kisha jenga kerneli kwa mipangilio tofauti: mwitaji aliyejificha ndani ya makro atajitokeza.

Na msimbo unaoitwa bado, ila watumiaji wake wamekwisha?

Huo ndio wa hatari, kwa kuwa mtu wa mbali anaufikia kupitia mtandao. Mei 2017, WannaCry ilisambaa kupitia SMB1, itifaki kongwe ya mafaili ya Windows, iliyobaki wazi hata kwa wasioihitaji. Lakini usiufute ghafla. Kwa mfano, tangu kerneli 6.2 ya mwaka 2023, toleo la 2 la NFS kwenye seva lina chaguo lake, nalo limezimwa. Anayelihitaji huliwasha mwenyewe wakati wa kujenga. Usioitwa unaulizwa kwa `grep`. Usiotumika wanaulizwa watu, nao wapewe muda wa kujibu.

Nikifuta halafu nikajuta?

Historia ya kerneli imo ndani ya Git tangu 2005, kwa hiyo msimbo haupotei. Futa fankisheni moja kwa badiliko moja, na uandike mwitaji wake wa mwisho aliondolewa na badiliko lipi. Usipoandika, mwenzako ataanza uchunguzi huo upya.