SOMO LA ROBO HII: KUJENGA MADARAJA NA MAJIRANI ZETU KWA NJIA YA HUDUMA

Vifungu vya kusoma: Luka 10:25–37, Yeremia 29:4–7, Wagalatia 6:9–10
Lengo: Kamati ya usharika iweze kupanga na kusimamia mradi wa jamii pamoja na majirani wa dini nyingine.

Utangulizi



Katika vijiji vingi tunavyohudumia, Wakristo na Waislamu wanachota maji kisima kimoja, wanapeleka watoto shule moja na kupanga foleni katika zahanati moja. Mara nyingi ni watu wa ukoo mmoja. Hata hivyo, hatuwezi kusahau yaliyotokea nchini kwetu. Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, ugomvi wa watoto juu ya Kurani uliishia kwa makanisa kuvamiwa na kuchomwa moto. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mabishano juu ya nani mwenye haki ya kuchinja yalisababisha mchungaji mmoja kuuawa.

Tuangalie vizuri chanzo. Ugomvi haukuanza kwa wanazuoni kubishana juu ya mafundisho. Ulianza kwa watoto, na kwa nyama ya buchani. Kama amani inavunjikia katika mambo ya kila siku, basi ni huko huko inakopaswa kujengwa. Somo hili lina jambo moja kuu: daraja husimama pale pande zote mbili zinapochangia, zinapoamua na zinaposhika hesabu pamoja. Upande mmoja ukitoa na mwingine ukipokea tu, huo ni msaada mwema, lakini daraja bado.

Msingi katika Neno la Mungu

Mfano wa Msamaria Mwema tunaufahamu, lakini tuusome tena polepole. Wasikilizaji wa Yesu waliwahesabu Wasamaria kuwa watu waliopotoka katika ibada. Yesu alimchukua mmoja wao akamfanya kielelezo cha upendo. Hivyo mfano huu unatufundisha kusaidia, na pia unatufundisha kukubali kusaidiwa na yule tunayetofautiana naye. Tena Msamaria hakumaliza kazi peke yake: aliacha dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, akamwamini aendelee kumtunza mgonjwa.

Nabii Yeremia aliwaandikia watu waliokuwa uhamishoni Babeli, kati ya watu wa imani nyingine, akawataka wautafute ustawi wa mji ule na kuuombea. Naye Paulo anawahimiza Wagalatia wamfanyie mema kila mtu, kisha anawataja kwa namna ya pekee walio wa imani moja. Wapo wanaotumia sehemu hiyo ya mwisho kuwafungia wengine mlango. Lakini Paulo alianza na watu wote.

Majirani zetu nao wana msingi wao. Katika Kurani, Sura ya 5 aya ya 2 inahimiza kusaidiana katika wema, na Sura ya 107 inawakemea wanaoswali huku wakimnyima jirani hata msaada mdogo. Na neno sadaka tunalitumia sote.

Mifano ya kujifunza

Hatua ya kwanza ni kuhudumia wote bila ubaguzi. Hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni matunda ya Shirika la Msamaria Mwema, na wagonjwa wa dini zote hutibiwa humo. Aidha, Shirikisho la Kilutheri Duniani lilikuwa miongoni mwa mashirika yaliyodhamini Kanuni za Maadili za mwaka 1994 za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada. Kanuni hizo zinaelekeza kwamba msaada utolewe kwa kuangalia uhitaji, na usitumike kuendeleza msimamo wa kidini au wa kisiasa.

Hatua ya pili ni kutenda pamoja. Agosti 2014, Shirikisho hilo lilitia saini makubaliano ya ushirikiano na Islamic Relief Worldwide, shirika la Kiislamu lenye makao Uingereza. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Nepal mwaka 2015, mashirika haya mawili yalishirikiana katika nchi ambayo wakazi wake wengi ni Wahindu. Mwaka 2018 yalitoa mwongozo wa pamoja kuhusu kuheshimu imani za watu wanapohudumiwa wakati wa maafa.

Hapa Tanzania, mwaka 2008, CCT, TEC na BAKWATA walitoa kwa pamoja ripoti iliyoonyesha jinsi taifa lilivyokuwa likinufaika kidogo na dhahabu yake. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4. Sauti zilizodai mabadiliko zilikuwa nyingi, lakini ilikuwa na uzito wake wananchi kuona maaskofu na masheikh wakiweka majina ya taasisi zao katika kurasa zile zile.

Kutoka Kaduna, Nigeria, tunao Mchungaji James Wuye na Imamu Muhammad Ashafa. Katika mapigano ya mwaka 1992 walikuwa pande mbili zinazopigana. Mchungaji alipoteza mkono wake wa kulia. Imamu alipoteza mwalimu wake na binamu zake wawili. Mwaka 1995 walikutanishwa katika kikao kilichohusu chanjo ya watoto, na mwaka huo huo wakaanza kazi ya upatanishi wanayojulikana nayo duniani. Kilichowaleta chumba kimoja kilikuwa afya ya watoto wa pande zote mbili.

Mambo ya kuzingatia katika mradi

Chukulieni mfano wa bomba la maji lililojengwa ndani ya uzio wa kanisa. Kamati yote ni wazee wa kanisa. Akina mama wa Kiislamu wanaona haya kuingia. Baada ya muda watu wanaliita “maji ya Walutheri”, na koki ikiharibika wanasema Walutheri watatengeneza. Tufanye nini ili tusifike huko?

1. Tuanze pamoja. Sheikh wa msikiti na wazee wake washirikishwe kabla andiko la mradi halijaandikwa. Tukimwalika siku ya uzinduzi tu, tumemfanya mgeni katika kijiji chake.

2. Fedha na umiliki viwe wazi. Watia saini benki watoke pande zote, na mapato na matumizi yasomwe katika mkutano wa kijiji, si kanisani peke yake. Kwa miradi ya maji vijijini, Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inaweka vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii (CBWSO). Usharika uchangie na kusaidia, lakini usimamizi uwe wa chombo hicho.

3. Mahali na ratiba. Vikao vifanyike shuleni au ofisi ya kijiji. Tusiweke kikao Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi. Kuchimba mitaro kusipangwe mwezi wa Ramadhani, maana mfungaji hawezi kushika sururu siku nzima bila maji.

4. Chakula cha msaragambo. Tukubaliane mapema nani atachinja, ili wote wale pamoja. Kama wapo ambao dhamiri zao zinawazuia, wasikilizwe bila kudharauliwa. Wali na maharage hauna ubishi.

5. Vikundi vya kuweka na kukopa. Waislamu wengi wanakatazwa riba na dini yao. Kabla ya kuandika katiba ya VICOBA, kikundi kijadili jambo hili. Mfuko wa jamii usio na riba unaweza kuwa mahali pazuri pa kuanzia.

6. Sala na ushuhuda. Mkubaliane jinsi ya kufungua vikao, kila upande kwa zamu au kwa ukimya. Mtu asitakiwe kusikiliza mahubiri ndipo apate huduma. Akiuliza kwa nini tunafanya haya, tumweleze bila haya kwamba tunamfuata Kristo.

Je, hatupunguzi imani yetu?

Swali hili huulizwa katika sharika nyingi, na ni swali la haki. Kushirikiana katika kazi hakumaanishi kuchanganya ibada. Sheikh atabaki sheikh na mchungaji atabaki mchungaji. Msamaria hakuacha kuwa Msamaria kwa kumpandisha yule majeruhi juu ya mnyama wake. Tukiogopa kwamba imani yetu itayeyuka kwa kushika jembe pamoja na jirani, hapo tuichunguze imani yenyewe.

Neno kwa washirika wetu wa maendeleo

Tunawaomba mambo mawili. Kwanza, mkubali bango la mradi libebe jina la kijiji, hata kama jina la kanisa au la mfadhili litakuwa dogo. Pili, mtuvumilie katika muda. Miezi ya vikao kabla ya kuchimba haina picha nzuri za kuwatumia, lakini ndiyo inayoamua kama mradi utatunzwa baada ya fedha zenu kwisha.

Maswali ya kujadili

1. Katika mradi wetu wa sasa, ni nani anashika ufunguo, daftari na kitabu cha benki?
2. Ni lini mara ya mwisho tulipokea msaada kutoka kwa jirani asiye Mkristo? Tuliupokeaje?
3. Ni jambo gani dogo linaloweza kuleta ugomvi kijijini kwetu, na nani wakae chini kulizungumza sasa?
4. Wanawake wa pande zote wanasema nini juu ya mradi huu?

Kazi ya robo hii: kila kamati ichague watu wawili wamtembelee sheikh au kiongozi wa msikiti ulio karibu. Wasiende na andiko la mradi. Waende wamuulize yeye anaona shida gani kubwa kijijini, waandike majibu, na kuyaleta katika kikao kijacho.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.